Mwanga Uliotangulia

Halvern, Saskatchewan
18 Januari 1988

Oryna mwanangu,

Imefika ile baridi ya kugandisha masharubu. Gari la jirani yangu Pawluk limekataa kuwaka tangu juzi, na Pawluk mwenyewe amekataa kunyamaza. Mimi ni mzima, ukiacha goti, ambalo linakumbuka kila ngazi niliyopanda miaka yangu ya ghala la ngano.

Klabu ya kuteleza kwenye barafu imeniandikia tena. Nasema klabu, lakini unajua mkono ulioshika kalamu. "Bwana Hrycak, kamati inakuomba upige picha za onyesho la barafu la Machi kama ilivyo desturi. Safari hii tafadhali barafu ionekane nyeupe." Mwenyekiti Corliss Tolefson hajui, na hataki kujua, kwamba kamera ina akili ya karani: ikiona weupe mwingi inadhani inadanganywa, basi inauandika kijivu. Ilinichukua miaka mitatu na vitabu vyote viwili vya maktaba yetu kujifunza kuikatalia. Yeye kulalamika amejifunza bila kitabu.

Mwaka huu wanaigiza "Chini ya Bahari". Bahari ya karibu iko mwendo wa siku mbili kwa gari na nusu ya kamati hawajaiona, lakini watoto wa miaka minne watakuwa kaa, wa miaka saba kwenda juu watakuwa samaki, na yeyote aliye mnene atakuwa nyangumi, jambo ambalo mama mmoja ameshalililia dukani.

Ila sikuandikii kwa ajili ya kaa. Nimepata kitu.

Najua hupendi kurudishwa kwenye ile Ijumaa ya mwaka jana, lakini itabidi. Taa za ukumbi zimezimwa, taa kubwa moja inamfuata Marnie Tolefson, mtoto wa miaka kumi, na wewe kocha wake umesimama kwenye mlango wa barafu. Anaruka. Flashi ya kamera inawaka, ambayo tangazo lilikuwa limeikataza mara mbili. Marnie yuko chini, kiwiko kimevunjika. Watu mia tatu waliuona mwanga ule na hakuna hata mmoja aliyejua umetoka wapi. Wewe ukasema mwanga ulimpofusha ndipo akaanguka. Corliss, mama yake, mwenyekiti wetu, akasema alianguka kwanza, kwa sababu ulimrukisha mruko asiouweza, kisha mtu fulani akapiga picha ya anguko. Kamati ikamwamini mama. Ukafukuzwa, na mkoa ukachukua kadi yako ya ukocha. Mimi nilipoulizwa nilisema nilikuwa nimeinama nabadilisha filamu, sikuona.

Basi juzi nilikuwa napanga kanda za filamu za zamani kule chini, kwenye chumba changu cha giza cha kusafishia picha, nikainua ukanda mmoja kwenye taa. Picha ya mwisho kabisa. Marnie yuko hewani, Oryna! Juu kabisa, mikono kifuani, amenyooka kama mshumaa, na amemulikwa na flashi mwili mzima. Mwanga ulitangulia. Kidole changu kilibonyeza wakati ule ule flashi ya mtu mwingine inawaka, bahati ya mara moja kwa elfu, nami katika vurugu ile nikasahau kwamba nilibonyeza.

Na ilikuwa ya nani? Kivuli chake kwenye ubao wa pembeni kinaelekea kushoto. Maana yake mwanga ulitoka kulia, kwenye kibanda cha mtunza saa. Nani alikuwa akisimama pale na kamera mpya shingoni? Mama mtu. Alimpofusha mwanawe mwenyewe, akakutwisha wewe.

Nina mpango. Unajua desturi: picha za Ijumaa nazisafisha usiku kucha, na Jumamosi ziko ukutani kabla ya chakula cha kufunga msimu, kila mzazi anaandika namba ya anayoitaka. Mwaka huu katikati ya ukuta nitatundika hii moja, kubwa kama dirisha. Sitasema neno. Nitasimama kando na sahani yangu ya kabichi, nimtazame Corliss akiifikia.

Kula vizuri. Tangu dada yangu afariki, mimi ndiye wa kukwambia hivyo.

Mjomba wako,
Nestor


Thunder Bay, Ontario
27 Januari 1988

Mjomba Nestor,

Barua yako nimeisoma nimesimama, koti bado mwilini, theluji inayeyukia kwenye zulia la mwenye nyumba. Nikaisoma tena nimekaa. Kisha nikacheka, mpaka mama wa chumba cha pili akagonga ukuta.

Mwaka mzima, Mjomba. Unajua siku zangu zinavyokwenda? Niko duka la dawa, kaunta ya picha, nyuma ya rafu za shampuu. Watu wanaleta filamu, Bwana Koskela anazipitisha kwenye mashine, mimi nazitia kwenye bahasha na kuwaambia "zimetoka vizuri", hata kama ni bata mzinga wa Krismasi aliyeungua. Jumapili nakwenda uwanja wa barafu wa hapa, nalipa kiingilio kama mtu yeyote. Mwezi wa kumi mtoto mmoja alikuwa anazunguka vibaya, bega limepanda. Nikamwambia, "Teremsha bega." Akateremsha, akazunguka. Mama yake akaniuliza, "Wewe ni kocha?" Nikasema hapana. Sijawahi kusema neno zito kama lile.

Tarehe 9 Aprili kamati ya mkoa inakaa Regina kuamua kama nirudishiwe kadi au nifungiwe moja kwa moja. Nilikuwa nimekusudia nisiende. Sasa nitakwenda, na picha hiyo mkononi.

Na Corliss! Nilimpenda mwanawe, wewe wajua. Marnie alikuwa na miguu inayosikia muziki kabla haujapigwa. Mruko ule tuliufanya zaidi ya mara mia mbili kabla sijamruhusu auonyeshe watu. Mama yake akanisimamisha pale maegesho, mbele ya kila mtu, akaniambia, "Umemvunja mwanangu ili upate sifa." Kamera ilikuwa bado inamning'inia shingoni.

Usiitundike tu. Hilo ni dogo. Nataka asimame mezani kutoa zile shukrani zake ndefu za kila mwaka, ageuke kuuonyesha ukuta kwa kidole kama anavyopenda, aikute. Nataka kila mtu awe amekaa, hakuna aliyekwenda chooni. Nataka Marnie awepo. Ndiyo, awepo. Ajue nani alimwangusha.

Nitumie nakala upesi. Nataka kuiona kwa macho yangu.

Oryna


Halvern
8 Februari 1988

Oryna mwanangu,

Polepole. Jambo hili nalifanya kama ninavyosafisha picha: maji ya joto sawasawa, na mlango umefungwa.

Nakala nitakutumia, ila posta ya siku hizi inakunja kila kitu. Kwa nini usiniachie mimi? Nitakwenda Regina mwenyewe nikaiweke mezani mwao. Ukikaa na picha ile humo chumbani itakula moyo wako bure.

Marnie amerudi kwenye barafu. Nilikwenda mazoezini Jumatano kupima mwanga. Kiwiko hakinyooki vizuri. Akifungua mikono, mmoja unafunguka na wa pili unafikiria kwanza. Kocha mpya ni msichana wa Yorkton anayetafuna ubani na kuwaita watoto wote "mpenzi", maana hajui jina la hata mmoja. Marnie haruki. Akifika pale pa kuruka anainua mguu, anatazama gizani upande ninaosimama mimi, kisha anaushusha.

Mama yake akanijia, kalamu sikioni.

"Nestor, mwaka huu tusipate watoto wa moshi."

"Moshi, Bi. Corliss?"

"Mwaka juzi wote walikuwa moshi mtupu, sura hazionekani. Dada yangu alidhani Marnie wangu ni pazia."

"Mwaka huu atakuwa wazi kabisa," nikamwambia. "Hutaweza kukosea ni nani."

Akasema asante. Asante hiyo nimeila siku tatu.

Kuhusu Marnie kuwepo pale: fikiri tena. Ni mtoto.

Mjomba wako,
Nestor


Thunder Bay
15 Februari 1988

Mjomba,

Mwaka jana hakuna aliyesema ni mtoto pale walipomwambia mbele yangu kwamba mwanga aliouona ulikuwa taa kubwa tu, na kwamba kocha wake ndiye aliyekosea. Alinitazama, mkono umefungwa plasta mpaka begani. Akasema, "Labda." Alikuwa na miaka kumi, na walikuwa wamemfundisha kusema labda.

Tuma picha. Iweke katikati ya kadibodi mbili, andika "usikunje" juu, kama unavyowatumia wateja wako wote. Posta haijakunja ya hata mmoja wao.

Oryna


Halvern
22 Februari 1988

Oryna,

Hii hapa. Pembeni nimeikata kidogo, kulikuwa na kichwa cha mtu.

Tazama kivuli, kushoto, kwenye ubao. Usihangaike na kingine. Kivuli ndicho shahidi. Na usimwonyeshe mtu kabla ya siku yake, wala usimwandikie Corliss. Nakujua.

Nestor


Thunder Bay
26 Februari 1988

Bi. Corliss Tolefson,

Sikuandikii kuomba kitu. Nina picha ya Ijumaa ile. Mwanao yuko hewani, amesimama sawasawa kama nilivyomfundisha, na mwanga umeshawaka. Picha inaonyesha pia mwanga ulitoka wapi, na nani alikuwa akisimama pale na kamera shingoni.

Nakuambia mapema, na si kwa huruma. Nataka ulale wiki tatu ukijua kinachokuja. Mimi nimelala mwaka mzima nisijue hata kilichonipata.

Siku ya chakula vaa vizuri. Watu watakutazama.

Oryna Dubyk


Halvern
4 Machi 1988

Bi. Dubyk,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mume wangu mara moja, akataka tuichome. Mimi si mtu wa kuchoma karatasi.

Kama unadhani niliwasha flashi mimi, umekosea. Kamera yangu iliishiwa filamu kwenye ngoma ya watoto vifaranga, na toka hapo ilikuwa inaning'inia tu kama kengele ya ng'ombe. Marnie alipoingia mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nimepiga magoti, namfunga kamba za viatu mjukuu wa Pawluk, ambaye alikuwa analia kwamba mkia wake umedondoka. Muulize Bi. Pawluk. Yeye ndiye aliyekuwa ameushika mkia.

Nilisikia ukumbi mzima ukisema "Aaa!" Ndivyo nilivyojua. Miaka sita nimekuwa mwenyekiti, nimetazama kila mtoto wa mji huu akiteleza, wazuri na wabovu, na mwanangu siku ile sikumwona akiruka wala akianguka. Ukitaka kujua kwa nini nilikuwa mkali kwako, anzia hapo. Sikusema nasikitika. Nasema anzia hapo.

Kama una picha ya Marnie akiwa hewani, nitaiona ukutani pamoja na wengine. Sitakosa kuja.

Corliss Tolefson
Mwenyekiti


Thunder Bay
9 Machi 1988

Mjomba,

Corliss alikuwa nyuma ya pazia. Nimempigia simu Bi. Pawluk, naye, kama mumewe, hakunyamaza dakika ishirini, lakini dakika zote ishirini zilikuwa za mkia na viatu na nani alikuwa amepiga magoti. Ndipo nikairudia picha yako. Uliniambia nitazame kivuli, nisihangaike na kingine. Mtu akiniambia hivyo, nahangaika na kingine.

Nikaipeleka kazini. Bwana Koskela akaishika kwa ncha za vidole, akavaa miwani.

"Huyu mtoto ana macho ya paka," akasema.

"Vipi?"

"Meupe, yanawaka. Ingekuwa picha ya rangi yangekuwa mekundu, kama ya watu wote wa Krismasi. Nani kapiga?"

"Mjomba wangu. Ila flashi ilikuwa ya mtu mwingine, mbali, kulia kwake."

Akacheka, wala si kwa ubaya. "Binti, jicho gizani linafunguka wazi kama mlango. Mwanga ukiingia unarudi kule kule ulikotoka, hauendi kwingine. Anayeuona ukirudi ni yule aliye na flashi mkononi. Ingekuwa ya mtu mwingine, huyo mwingine ndiye angepata macho haya. Mjomba wako angepata macho ya kawaida."

"Na kivuli?"

"Hiki? Cha ile taa yenu kubwa. Kipana, laini. Flashi haitoi kivuli cha namna hii."

Kisha akamhudumia mtu wa dawa ya kikohozi. Mwaka mzima nimepitisha mikononi macho mekundu ya mji huu wote, na nilihitaji kuonyeshwa ya Marnie.

Umejifundisha mengi peke yako, Mjomba. Hili hukulifikia kwa sababu hukuwahi kutumia flashi. Ila mara moja. Alikuwa anakutazama wewe.

Ulikuja kunizika pamoja na kamati, kisha ukaniletea koleo nimzike mtu mwingine. Nami nilikuwa tayari, hilo ndilo linaloniwasha zaidi. Nilitaka mtoto yule akae mezani aambiwe mama yake alimvunja mkono.

Sasa nisikilize. Ukuta ni ule ule, picha ni ile ile, kubwa kama dirisha, bila kukatwa. Jumamosi, kabla ya shukrani za Corliss, utasimama useme flashi ilikuwa ya nani na kamatini ulisema nini. Kisha utayaandika hayo hayo kwa Regina na kutia sahihi. Usipofanya, nitapanda basi nije niseme mwenyewe, na mimi nitasema vibaya zaidi.

Na usiniite mwanangu.

Oryna


Halvern
13 Machi 1988

Oryna,

Barua hii nimeianza mara nne. Ya kwanza ilikuwa na vichekesho.

Ni kweli. Mwaka wa kabla ya anguko, kwenye chakula, Corliss alisimama mbele ya ukuta wangu akasema watoto wamekuwa moshi, na watu wakacheka. Pawluk alicheka mpaka akakohoa. Miaka ishirini na moja ya picha, ziko kwenye kila sebule ya mji huu, na wakacheka. Nikaagiza flashi kwa posta kutoka Winnipeg. Nikajiambia ni ya picha za makundi tu, nyuma ya pazia. Tulipofika kwenye barafu nikaiacha juu ya kamera, nikajiambia nimeizima. Ina taa ndogo nyekundu inayokwambia iko tayari, unaiona hata ukiwa hutaki. Niliiona. Nilitaka picha moja tu, kali kama wembe, ya binti yake, nimtundikie mbele ya pua.

Nikaipata.

Watu walipogeuka kutafuta mwanga ulikotoka, flashi ilikuwa imeshaingia ndani ya koti langu. Kamati iliponiuliza, mdomo ukasema filamu. Nilidhani nitasahihisha wiki ile. Kisha wiki iliyofuata. Kisha ukahama, na nikaanza kukuandikia ule vizuri. Nilipojua Regina wanakaa Aprili, nikaona picha inaweza kukutoa wewe bila kuniingiza mimi, alimradi apatikane mtu wa kuingia. Corliss nilikuwa namchukia tayari, haikuhitaji jitihada. Nilifikia mahali pa kukiamini kile kivuli.

Regina nitawaandikia, nitasema yote, nitatia sahihi. Kadi yako utaipata. Ila nakuomba, si kwenye chakula. Nina miaka sitini na minne na hapa ndipo ninapoishi. Mle ndani kuna watoto niliowapiga picha, na wazazi wao niliowapiga walipokuwa watoto. Baada ya hapo sitaweza hata kununua mkate bila kutazamwa. Mama yako asingenilazimisha.

Nestor


SIMU YA MAANDISHI
Thunder Bay, 17 Machi 1988

NDIVYO NILIVYONUNUA MKATE MIMI MPAKA NIKAHAMA. MAMA YANGU MWACHE ALIKOLALA. JUMAMOSI MEZANI. ORYNA


Halvern
21 Machi 1988

Oryna,

Nimefanya. Naandika upesi kabla sijaanza kuipamba.

Picha za Ijumaa niliziweka ukutani kama kawaida, kaa, samaki, nyangumi wote watatu. Katikati niliiweka ile, nimeifunika shuka. Watu walidhani ni zawadi ya mwenyekiti. Corliss peke yake hakuisogelea. Alikaa amenyooka, amevaa lile vazi lake la harusi za watu, macho kwangu.

Nikagonga glasi kwa kijiko. Pawluk akapaza sauti, "Nestor, kama ni hotuba ikate, pirogi za viazi zinapoa!" Wakacheka. Nikavuta shuka.

Nilikuwa nimeandaa maneno mia mbili. Yalitoka kama thelathini. Flashi ilikuwa yangu. Mtoto alikuwa hewani bado. Kocha alisema kweli, na mimi kamatini nilidanganya. Jokofu la jikoni lilikuwa linanguruma, na kaa mmoja mdogo alikuwa anauliza kama keki ni sasa.

Wa kwanza kusema alikuwa Marnie, mapezi ya samaki bado mgongoni.

"Kwa hiyo niliona mwanga kweli?"

"Uliona."

"Si niliwaambia," akamwambia baba yake, akaenda kujichukulia jeli.

Corliss akaja mpaka kwenye picha. Alisimama karibu mno, kama anayesoma tangazo la msiba. Nilidhani atanipiga, nikavua miwani. Akasema, wala si kwangu, "Aliruka vizuri." Kisha akageuka, akatazama sahani niliyoshika.

"Hizo pirogi ni za nani?"

"Sijui, Corliss."

"Zangu." Akaichukua sahani mkononi mwangu, akazimwaga kwenye ndoo, akaiosha, akaifuta, akairudisha kwenye kapu lake. Watu wote wanatazama sahani ikifutwa. Baada yake akaja Bi. Pawluk, akakichukua kikombe chake nilichokuwa nakinywea.

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Pawluk alinipita na gari lake, ambalo siku hiyo liliwaka.

Ya Regina ilikwenda kabla ya chakula. Nakala nimeiambatisha, utaona sahihi. Umeridhika?

Nestor


Halvern
6 Machi 1989

Bwana Hrycak,

Nakuandikia kwa posta, ingawa kutoka kwangu mpaka kwako ni mitaa minne. Mwaka jana uliniuliza kama nimeridhika. Sikujibu, nikidhani jibu litakuja lenyewe.

Regina walinirudishia kadi siku ile ile waliyokaa. Mwezi wa tano klabu ikanipigia simu. Aliyepiga ni Corliss, na sentensi yake aliisema kama mtu anayejing'oa jino, lakini aliisema mpaka mwisho. Nikarudi Halvern, na sasa tunafanya kazi pamoja. Hatupendani. Inakwenda vizuri.

Jumanne kamati ilizungumzia mpiga picha. Sikudhani jina lako litatajwa. Lilitajwa, na Corliss ndiye aliyelitaja. Alisema mwaka umepita. Alisema umezeeka zaidi kwa mwaka huo mmoja kuliko kwa kumi. Alisema yule mpiga picha wa Yorkton waliyemjaribu anataka watoto watabasamu huku wanaruka. Wakapiga kura, saba kwa moja, wakakusamehe. Nakuambia ili ulijue: mji umekusamehe, kanunue mkate.

Ile moja ni yangu. Na kanuni yao, waliyoitunga wenyewe baada ya kisa chako, inasema hasimami mtu na kamera kando ya barafu bila ruhusa ya kocha. Sikukupa. Sikumpa na mwingine yeyote, ili pasiwe na mtu wa kusema nimekuonea wewe tu.

Kwa hiyo mwaka huu hakuna picha. Wazazi wamenung'unika, nimewaacha. Watoto wataingia, wataruka, watu watapiga makofi, taa zitawashwa, na haitabaki hata karatasi moja ya kuonyesha kwamba onyesho lilikuwepo. Mimi ninao mwaka wa namna hiyo. Nataka na wewe uuone ulivyo.

Marnie ndiye anayefunga onyesho. Ataruka mruko ule ule. Anauruka vizuri kuliko zamani, kiwiko na yote, na pale juu kabisa, kwa muda wa kupepesa tu, uso wake unapata kitu ambacho sijakiona kwa mtoto mwingine. Sitakueleza ni nini. Wewe ungekijua, na ungejua mpaka sekunde ya kubonyeza.

Tiketi yako imo ndani ya bahasha. Ijumaa, saa moja jioni, kiti cha mbele kabisa. Njoo na mikono yako tu.

Oryna Dubyk
Kocha